Kliniki Ambayo Watoto Hawalii

Watoto kumi na mmoja kwenye chumba kimoja, na hakuna hata mmoja anayelia.

Ndivyo nilivyoikuta ile kliniki siku ya kwanza. Niliwahesabu kwa mazoea tu, maana nafundisha chekechea na kutwa nahesabu vichwa. Mtu kama mimi alitakiwa kushtuka. Watoto wakinyamaza wote kwa pamoja, mwalimu yeyote wa chekechea anaacha chai yake na kwenda kuangalia wamefanya nini.

Mimi nikavuta kiti, nikakaa, nikashukuru.

Nisikilizeni kwanza kabla hamjanihukumu. Binti yangu alikuwa na wiki tano, na tangu azaliwe alikuwa analia utadhani anashindana na mtu. Kituo cha afya cha karibu na kwetu foleni inaanzia getini, ndani kelele kama sokoni. Mara ya mwisho tulitoka pale tukilia wote wawili, mimi na yeye.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, akanionea huruma.

"Wifi, unajitesa bure. Nenda pale ninapompeleka wa kwangu. Yule dada wa mlangoni ana mkono wake, utakuja kunishukuru."

"Mkono gani?"

"We nenda tu."

Nikaenda. Dada mwenyewe alikuwa mhudumu wa mapokezi, ana sauti ya upole na koti jeupe lililonyooshwa hadi mifukoni. Utaratibu wao ulikuwa hivi: ukifika unamkabidhi mtoto, yeye anaingia naye chumba cha mizani, mlango unafungwa. Mama haingii.

"Wakimwona mama wanadeka," akanieleza. "Mizani haisomi vizuri."

Binti yangu aliingia mle akipiga mayowe. Dakika chache, kimya. Akarudishwa amelegea, macho nusu, kidevu kimelowa.

"Umemfanyaje?" nikauliza huku nacheka.

"Ah, mama! Mimi na watoto tunaelewana."

Daktari akamsikiliza kifua, akaandika kwenye kadi uzito aliotajiwa na yule dada, akasema mtoto hana neno. Nyumbani alilala hadi jioni. Ziwa alilikataa. Mimi nikafua, nikapika, nikachana nywele kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima. Niseme ukweli, nilifurahi.

Walitaka nimpeleke kila wiki. Nikampeleka, wiki nne, bila kukosa hata moja.

Wiki ya nne tulirudi saa tano asubuhi. Saa nane nikaenda kumwamsha anyonye.

Hakuamka.

Nikamfinya shavu. Nikamwita. Nikamvua nguo, nikampangusa maji ya baridi usoni. Nikiinua mkono wake, unaanguka. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

Jamani, hata sijui nilivaa viatu gani. Nilikimbia hadi kituo cha afya, kile kile nilichokikimbia, na watu wa foleni wakanipisha wenyewe kwa jinsi nilivyokuwa napiga kelele.

Muuguzi mmoja mtu mzima akanipokonya mtoto. Akamgonga unyayo kwa kidole ashtuke, mara tatu, mara nne. Wakampachika oksijeni. Wakampima. Muuguzi akaisoma kadi ya kliniki iliyokuwa mkobani mwangu, akairudia.

"Hapa wameandika kilo tano. Mizani yangu inasema tatu na nusu. Unampa dawa gani ya usingizi?"

"Simpi dawa yoyote!"

"Basi kuna anayempa."

Nikakiona tena kichwani kile kidevu kilicholowa. Nikakaa chini sakafuni.

Binti yangu alilia ilipofika saa kumi na mbili kasoro jioni. Alilia hadi wauguzi wa chumba cha pili wakachungulia. Sijawahi kusikia kitu kitamu namna ile, nami nikalia naye.

Ndipo nikamkumbuka mtoto wa wifi. Nikapiga simu.

"Wifi! Mtoto usimpeleke tena kule! Wanawanywesha dawa ya usingizi kwenye chumba cha mizani!"

Nikaibana simu sikioni.

"Wifi, unanisikia?"

"Nakusikia," akasema taratibu. "Kwani wewe hukujua?"

"Nijue nini?"

"Sisi akina mama wa pale wote tunajua. Mwambie yule dada akupunguzie matone. Huwa anakubali."

Nilikata simu. Kesho yake nilikwenda polisi kuiripoti kliniki ile, na wifi nimemtaja. Mume wangu bado hajanisamehe kwa hilo, na anajua siombi msamaha.

Wewe unayemtafutia mtoto wako pa kutibiwa, usimkabidhi kwa mtu aende naye nyuma ya mlango. Ingia naye. Mlaze kwenye mizani mwenyewe, isome namba kwa macho yako. Wakikukatalia, mchukue uondoke naye, na mwache alie njia nzima.