Nilimwalika Shangazi Peke Yake

Siku hizi wimbo bila mgeni haupokelewi. Washa redio yoyote hapa Dodoma asubuhi: huyu kamshirikisha yule, yule kamshirikisha huyu, hadi unajiuliza nani kabaki nyumbani. Mimi nyimbo zangu mbili za kwanza niliimba peke yangu na hazikuchezwa hata mara moja. Baba akaniambia kwa upole, jambo linaloniudhi kuliko ukali, kwamba wa tatu nao ukikwama niende nikakae dukani kwake, niuze mbegu na majembe. Nikakubali kwa kiburi.

Prodyuza wangu, anayerekodi nyumbani kwake, akaniambia nitafute kolabo. Mastaa wa Dar sikuwaweza. Mmoja alisoma ujumbe wangu akanyamaza mpaka leo. Ndipo nikamkumbuka shangazi yangu wa Hombolo, dada yake baba, anayepiga ngoma na kuimba kwenye kila harusi ya ukoo. Nikampigia simu, nikamwomba aje Jumamosi aimbe kiitikio tu.

Jumamosi alishuka na wanawake wanane na ngoma nne. "Mbukwenyi," wakatusalimia, huku wakivua viatu mlangoni. Nikamvuta shangazi pembeni, nikamwambia nilimwalika yeye peke yake. Alinitazama kana kwamba nimemwambia apige makofi kwa mkono mmoja.

"Sasa mwanangu, nikianza, nani ataniitikia?"

Sisi Wagogo hilo hatulijadili. Tatizo lilikuwa kichumba cha kurekodia, chenye trei za mayai ukutani, ambacho kinatosha watu wawili wanaopendana. Prodyuza akatandika mkeka sebuleni, akafunga maiki kwenye feni ya dari, akazima friji isingurume. Kinamama wakabana ngoma mapajani, wakaanza. Mistari niliyoiandika kwa miezi miwili ikabaki minne, maana kila nilipovuta pumzi wao walishaingia. Niliona wivu, nasema kweli.

Jioni prodyuza alinisikilizisha matoleo mawili. La kwanza alikuwa amewapunguza wabaki kwenye kiitikio, kama nilivyotaka. La pili amewaacha walivyo. Katika la kwanza nilisikika vizuri kabisa, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Akauliza atume lipi redioni, akanionya kwamba la pili itabidi liandikwe kuwa la kinamama wa Hombolo, mimi niwe mshirikishwa. Nikanuna. Nikanywa maji. Nikamwambia atume la pili.

Ulichezwa Jumanne, saa nne asubuhi. Mtangazaji alisoma jina langu mwisho kabisa, tena alilikosea. Kabla wimbo haujapoa masikioni, baba akapiga simu kutoka dukani.

"Nimemsikia dada yangu," alisema, na nikajua anatabasamu. "Wimbo mzuri. Halafu kuna binti ameimba nao pale katikati, si mbaya hata kidogo. Unamfahamu?"

Nikamjibu kwamba namfahamu, na dukani haji.