Jiko Nililoingiza Hemani

Ndugu zangu wafanyakazi, mwenyekiti ameniomba niwaeleze yaliyonipata kule mlimani safari iliyopita, ili wanaokwenda safari ya mwaka huu wajihadhari. Nitasema yote, hata ya aibu, maana nikiyapunguza hayatamsaidia mtu.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima. Mnanijua, mpishi mkuu wa kantini hii. Napanga chumba Kariakoo, upande wa Msimbazi, na mume wangu Saidi, dereva wa lori la kiwanda. Zaidi ya malaria sikujua kuumwa. Nilikuwa na ugonjwa mmoja tu, wivu, na huo sikuuhesabu.

Wivu wenyewe ulikuwa juu ya Ester, msaidizi wangu. Ester ni mtu wa Machame, kazaliwa na baridi. Hapa Dar alikuwa anamenya vitunguu na kunisikiliza. Tulipofika ile kambi ya ndani ya hifadhi ya Mlima Meru, mambo yakageuka. Kambi imejaa wageni, mahema kila upande, na kila mwenzetu anamwuliza Ester. Ester, kuni mbichi tuziwasheje? Ester, hema tulielekeze wapi? Hata Saidi, ambaye nyumbani hajui kijiko kinakaa wapi, nilimkuta anampasulia kuni huku anacheka. Roho iliniuma jamani. Sikuona lolote baya kati yao, nasema kweli, lakini mwenye wivu hangoji kuona.

Siku ya pili, mchana, ukungu ulishuka na mvua ikafuata. Vidole vikafa ganzi. Wenzetu wakajikusanya kwenye moto chini ya turubai, Ester anasimulia, Saidi mbele kabisa anasikiliza. Nikaona nikilipasha hema joto atatoka pale aje kwangu. Nikabeba jiko la mkaa tulilotoka nalo Kariakoo, makaa yameiva. Ester akanifuata mbio, akanishika mkono, akasema taratibu wengine wasisikie, "Dada, jiko lisiingie hemani. Kwetu limeua watu."

Nikamjibu kwamba nilianza kuwasha mkaa yeye hajazaliwa. Nikaingia, nikafunga kamba zote za mlango upepo usipite. Sisi huku tunapikia uani, hewa inapita tele, nani kati yetu amewahi kuogopa mkaa? Moshi sikuuona, nikaridhika.

Kwanza nilisikia raha. Kisha kichwa kikaanza kugonga kwa ndani, nikadhani ni urefu wa mlima. Nikatapika juu ya blanketi. Nikataka kutoka, miguu ikakataa. Nje watu walikuwa wanacheka, hatua chache tu kutoka nilipolala, na wazo langu la mwisho, Mungu anisamehe, lilikuwa kwamba Saidi anamchekea Ester.

Aliyeniokoa ni huyo huyo Ester. Hakutulia pale kwenye moto. Alikuja kuniita, sikuitika, akazikata kamba kwa kisu cha vitunguu na kunivuta miguu hadi kwenye mvua. Nilikuwa nimejikojolea. Alinifunga kanga yake kabla wanaume hawajasogea.

Saidi akanikimbiza kwa gari hadi hospitali mjini, wakaniwekea hewa ya mtungi. Nilipozinduka sawasawa, daktari akanieleza kuwa mkaa ukifungiwa ndani unatoa sumu isiyo na harufu, na mtu hulala moja kwa moja. Saidi alikuwa kando ya kitanda, macho mekundu. Ester kasimama nyuma yake.

Daktari akaniuliza, "Mama, hakuna aliyekuonya?"

Nikamtazama Saidi, nikamtazama Ester. Nikasema, "Hakuna."

Ester akainamisha kichwa.

Miezi miwili nilitetemeka mikono. Nilikuwa nasahau, natia chumvi mara mbili, na kila asubuhi naamka kichwa kinauma. Nguvu zilirudi kidogo kidogo, kwa uji, mapumziko na uvumilivu wa Saidi. Lakini wakati mimi napona, lile jibu langu lilikuwa limewafikia, na ninyi mlikuwa mnamsema Ester. Mlisema mtu wa baridi anajua haya, alinyamaza makusudi, anataka kiti cha mpishi mkuu. Wengine mkaongeza kwamba anataka na mume. Akatolewa kantini, akapelekwa ghalani kufungasha magunia. Mimi nilijua kila kitu na nikanyamaza. Na kwa kuwa nimeahidi kusema yote, nilifurahi.

Basi mnaokwenda, jiko libaki nje hata mvua ikinyesha. Kichwa kikianza kukuuma ndani ya hema, toka, hata kwa kutambaa. Na anayeijua baridi akikwambia jambo, msikilize hata kama humpendi.

Namshukuru Mungu, namshukuru na yule daktari. Ester yuko pale mlangoni, ana vumbi la magunia kichwani. Alinionya, ndugu zangu. Alinishika mkono huu akaniambia, na nilimsikia vizuri. Mwenyekiti, naomba kesho arudi kantini. Wivu haujaniisha, msidanganyike. Nikimwona anasalimiana na Saidi, kifua bado kinanibana. Lakini kifua chenyewe kinapumua kwa sababu yake.