Maiti wa Golini

Nitawasimulia mwenyewe, maana nikiwaachia watu wa mtaa wetu wa Isevya wasimulie wao watanizika kabisa, na mimi nimeshazikwa mara moja mwaka huu, tena nikiwa hai, mbele ya wachezaji wa timu nzima, kocha Mzungu, daktari na mwanangu wa kumzaa. Aibu ile naijua mimi na Mungu wangu.

Mimi ni fundi baiskeli. Banda langu limepakana na la Maganga kinyozi, na kwa Maganga ndiko tunakochambulia mpira (kunyoa anakukumbuka mteja akianza kulalamika). Msimu huu timu yetu ya mjini ilileta kocha mpya, Mzungu mrefu asiyecheka, akaja na msafara wake: msaidizi, wa viungo, wa makipa, na mmoja ambaye kazi yake ni kukaa jukwaani na kompyuta, na mpaka leo sijaelewa anatafuta nini humo wakati mpira wenyewe uko pale mbele yake. Kijiwe kikagawanyika. Wapo waliosema huyu ndiye, angalia timu inavyopasiana kuanzia nyuma, na wapo waliosema kupasiana gani huko, kipa anarudishiwa mpira kwenye boksi lake huku mshambuliaji wa watu anamjia, huo si mpira, ni kutafutiana presha. Mimi nilikuwa kundi la pili, na niseme ukweli, si kwa sababu ya mpira. Mwanangu Daudi ni kipa wa timu hiyo. Tangu msafara ule ushuke hajagusa nyasi siku ya mechi, na mkataba wake ulikuwa unaelekea ukingoni.

Aliyemweka benchi, nilivyoambiwa, ni kocha wa makipa, Kocha Bakari, kwamba kijana anadaka vizuri ila miguu hana. Miguu hana, eti. Mtoto niliyemfundisha mwenyewe kudaka, nikimrushia machungwa uani tangu hajaota meno ya ukubwa! Sasa kipa miguu ya nini, anakwenda kulima?

Ndipo Maganga, mkasi mkononi, akasema, "Wewe unalalamika nini, na yule ni mtani wako? Bakari ni wa Temeke. Mzaramo yule."

Hapo ndipo nilipopotea. Mnajua sisi Wanyamwezi na Wazaramo tulivyo, tangu wazee wetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kulala kwao, utani umebaki: mtani unamwambia lolote, unamnyang'anya kofia, msiba ukitokea kwake unajilaza mbele ya jeneza mpaka akupe chochote, na yeye hana ruhusa ya kukasirika. Nikaona mlango umefunguka. Kumkabili kocha kama baba wa mchezaji ni kumharibia kijana, lakini nikienda kama mtani, nani atanigusa?

"Nipe shuka," nikamwambia Maganga. Akanipa lile jeupe la kufunikia wateja, lina nywele bado. Angeninyima tu siku ile, leo ningekuwa mtu wa heshima zangu.

Mchana ule tukaenda mazoezini. Tulikuta wachezaji wamesimama duara katikati ya uwanja, vichwa chini, kimya. Maganga akasema wanagombezwa kwa kufungwa juzi, nami nikaona ndiyo hiyo, wakati mzuri. Nikaingia golini, nikajifunga shuka kama sanda, nikajinyoosha chini ya mwamba wa goli, na Maganga akaanza kulia kwa sauti ya kimsiba hasa: "Timu yetu imekufa, jamani! Imeuawa na Mzaramo! Maiti haitoki hapa mpaka mwenye msiba atoe chochote!"

Nikangojea kicheko. Hakikuja. Nikajiambia hawa wageni wa mji, hawajaelewa, nikaongeza na mguno kidogo kutoka ndani ya sanda (sijui maiti gani anaguna, lakini ndivyo nilivyofanya). Nikasikia mbio. Mtu akapiga magoti, akanishika mkono, akawa ananitafuta mapigo. Kumbe ni daktari wa timu, kaona mzee kaanguka. Mzungu naye akafika, akawa anauliza kwa lugha yake, na msaidizi anamjibu, na mimi macho nimeyafumba, maana mtani akishakuwa maiti haamki bure. Daktari akanifunua kifua. Nikaguna tena. Akaagiza machela.

"Baba, amka." Ilikuwa sauti ya Daudi. "Amka, tafadhali. Kocha Bakari amefiwa na mama yake. Simu imeingia sasa hivi."

Nikafumbua macho. Nilichanganyikiwa nikashindwa kuamka na nikashindwa kuendelea kulala. Maganga, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, nilimwona mgongo tu, anaishia getini.

Bakari akaja taratibu. Mtu wa makamo, macho mekundu. Akasimama juu yangu. "Mzee, nani aliyekutuma?"

"Hakuna, mwalimu. Mimi ni mtani wako. Mnyamwezi. Nimekuja kama mtani."

"Mtani wa wapi? Mimi ni Mmakonde."

Jamani. Na wachezaji wote pale wananitazama. Kama angekuwa Mzaramo, nilichofanya ni haki yangu kabisa na msibani watu wangenisifu. Kama ni Mmakonde, basi ni mzee mjinga aliyejifunga sanda mbele ya mtu aliyefiwa saa hiyo hiyo. Nikaanza kuomba radhi, maneno yakagongana, nikampa pole, nikampa shikamoo (mtu niliyemzidi umri), nikataka kuvua shuka, fundo likakaza.

Bakari akakaa kwenye nyasi pembeni yangu. Akanitazama ninavyohangaika na fundo. "Baba ndiye Mmakonde," akasema. "Mama ni Mzaramo wa Kisarawe. Akisikia Mnyamwezi kahamia mtaani, alikuwa anaita kuku wake ndani." Akacheka. Akacheka tena, halafu kicheko kikageuka kilio, akainamia magoti yake, nami sikujua nimshike au nisimshike, mwishowe nikamshika.

Alipotulia akaniambia, "Basi wewe ni mtani wa marehemu. Sanda umeshavaa, huna pa kukimbilia. Tunazika kesho."

Jioni ile nikawa kwenye basi la pwani, mimi niliyetoka nyumbani kuziba pancha. Kisarawe Wazaramo walinipokea wanavyojua wao: nilichota maji, nikaosha masufuria, nikafungiwa kanga kiunoni, na kila bibi aliyepita alinisimamisha kuuliza kama mzigo niliobeba ni wa jana au wa enzi za babu yangu. Nilifanya yote kwa moyo. Lakini niwaambie na la aibu zaidi, ndani ya moyo huo huo kulikuwa na hesabu: huyu nimemzikia mama, atamwachaje mwanangu benchi? Siku ya kuondoka Bakari akanisindikiza kituoni, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Kijana wako ana adabu, mzee. Sasa nimejua kaitoa wapi." Nikajua jezi imepatikana.

Nikafika nyumbani natembea kifua mbele. "Daudi, mwanangu, kaa mkao wa kula. Mambo nimeyaweka sawa kule."

Daudi alikuwa anapiga kiwi viatu vyake vya kanisani. Hakuinua uso. "Baba, mimi timu iliniacha tangu Jumatatu, kabla ya msiba. Siku ile nilikwenda kuwaaga wenzangu, nawaza jioni nitakwambiaje, nikakukuta golini."

"Na Bakari anajua?"

"Ndiye aliyekuwa ananitafutia timu nyingine. Alikuwa amesimama nami, anaongea na watu wa huko kwenye simu, ndipo ya msiba ikaingia."

Nikakaa kwenye ndoo, maana kiti kilikuwa mbali.

Tangu siku hiyo nimeapa: kabila la mtu namwuliza mwenyewe, sisikilizi kinyozi, na golini siingii hata mpira wa wajukuu ukiangukia humo. Kijiweni wakiniuliza benchi jipya la ufundi nalionaje, nawaambia sijui, na kweli sijui. Mzungu bado hacheki, na timu imeanza kushinda.

Jioni ile ya kurudi kutoka Kisarawe nilimpigia Bakari nimshukuru. Akapokea, akasema, "Enhe, mtani." Nikamwambia, "Asante kwa ajili ya Daudi, mwalimu." Na yeye akawa anasubiri, ameshaanza kucheka, akidhani namtania.