Siku Niliyojitoa Kwenye Jopo

Baba yangu alikuwa omobari, mpasuaji wa vichwa. Watu walioanguka au kupigwa, wakabaki na maumivu ya kichwa yasiyosikia dawa ya hospitali, waliletwa kwake karibu na Mosocho. Aliifungua ngozi ya kichwa, akaukwangua mfupa palipokuwa na ufa, kisha akafunga. Wengi walipona. Mikono ilipoanza kumtetemeka aliacha, akabaki na shamba lake la majani chai na hadithi zake.

Katika mwaka wake wa mwisho wa kazi, mhadhiri mmoja wa chuo kikuu alikuja kwetu mara kadhaa akiwa na kinasa sauti na kamera. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya sekondari kule Nyansiongo, na nilipopata nafasi nilikwenda kumtafsiria, kwa maana Kiswahili cha baba kilikuwa cha sokoni tu. Baadaye, mwishoni kabisa mwa miaka ya tisini, mhadhiri huyo akanialika chuoni. Walikuwa wameandaa jopo kuhusu maadili ya kuweka maarifa kwenye intaneti: nani ana haki ya kuyaweka huko, na nani aulizwe kwanza. Ningezungumza kama binti wa mwenye maarifa. Baba alifurahi mno. Alimwambia kila aliyekutana naye kwamba binti yake anakwenda kuieleza dunia kazi ya mikono yake.

Niliona si vizuri niende kuzungumzia kitu nisichokijua. Nikashuka Kisii mjini, kwenye duka la vifaa vya ofisi la familia moja ya Kihindi, ambako binti wa mwenye duka alikuwa na kompyuta iliyounganishwa na waya wa simu. Nikampa anwani ya ukurasa wa kazi ya baba, niliyoandikiwa na mhadhiri. Ukurasa ulifunguka polepole, ukishuka kutoka juu kama pazia. Kwanza nikamwona baba, kavaa koti lake la kanisani. Chini yake akaanza kutokea mwanamke aliyeketi kwenye kigoda chetu, nywele zimenyolewa upande mmoja, jeraha liko wazi. Macho alikuwa ameyafumba, lakini uso ulionekana wote.

"Unamjua huyu, dada?" binti wa duka akaniuliza.

"Hapana," nilisema. Nikamwomba aufunge ukurasa.

Nilimjua sana. Alikuwa mama mmoja wa Mosocho, muuza ndizi pale Daraja Mbili. Mumewe alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, na mara nyingi alihubiri kwamba upasuaji wa kienyeji ni kazi ya shetani. Nyumbani mama huyo alisema ametibiwa hospitali, na tangu hapo hakuonekana bila kitambaa kichwani. Siku aliyopigwa picha mimi nilikuwa shuleni, darasani. Sasa nilitoka dukani nikihisi kila mtu barabarani ameuona ukurasa ule.

Nikaenda moja kwa moja Daraja Mbili. Nilimkuta anapanga ndizi zake juu ya gunia. Nilimwomba tusimame kando, nikamweleza kwa Ekegusii, sauti ya chini.

"Hiyo intaneti ni kitu gani?" akauliza.

"Ni kama gazeti, mama. Lakini halichakai, na mtu yeyote anaweza kulifungua, popote alipo."

"Hata hapa Kisii?"

"Hata hapa."

Aligusa kitambaa chake, akakivuta mbele kidogo. "Yule mtu wa chuo aliniambia picha ni ya wanafunzi wa udaktari peke yao."

"Nitakwenda kwenye mkutano wao niseme. Niwaambie hukuulizwa, waitoe."

"Wakikuuliza ni nani hakuulizwa?"

"Sitakutaja jina."

"Watakwenda kutafuta ile picha waone ni nani. Sasa hivi wameiona wangapi? Ukishasema, wataitazama wote." Akanishika mkono kwa nguvu. "Mwalimu, hata kunitetea, usinitetee. Tafadhali."

Nilirudi Nyansiongo na maneno hayo. Nilijaribu kuandika hotuba nyingine, ya miti ya dawa na mifupa na heshima, isiyogusa wagonjwa. Kila nilipoanza niliona mtu akinyoosha mkono na kuuliza: je, wagonjwa nao waliulizwa? Ningejibu nini? Kusema ndiyo ni uongo. Kusema hapana ni kumwonyesha kidole.

Nikaomba simu ya ofisini kwa mwalimu mkuu. Alinikubalia, lakini hakutoka. Aliinamia karatasi zake, kalamu imetulia.

"Sitaweza kuja," nilimwambia mhadhiri.

"Kwa nini? Jina lako limeshachapishwa kwenye ratiba."

"Ni mambo ya nyumbani. Lakini nina ombi. Zile picha za wagonjwa, zinaweza kutolewa?"

"Ipi hasa?"

"Zote."

"Kuna aliyelalamika? Ni nani?"

"Hakuna. Naomba zote zitolewe," nikarudia, kisha nikakata simu kabla hajauliza tena.

Baba alipopata habari alikuja Nyansiongo mwenyewe. Hakutaka hata chai.

"Unaona haya kwa kazi yangu?"

"Sioni haya, Tata."

"Basi ni nini?"

Sikuweza kumwambia. Nilimpenda baba, lakini alikuwa mtu wa kusimulia. Neno likiingia sikioni mwake lilifika kanisani kabla ya Sabato. Akaondoka akiamini kwamba nimemkana.

Asubuhi ya mkutano gari la chuo liliingia uwanjani mwa shule. Mhadhiri alikuwa ndani, na wanafunzi walijaa madirishani kutazama.

"Panda, tutazungumza njiani," alisema.

"Siendi."

"Watu watasema tumekunyamazisha."

"Waambie nimejitoa mwenyewe."

Akapandisha kioo, gari likaondoka. Baadaye nilisikia kwamba nafasi yangu iliachwa wazi mezani, na waliozungumza walijadili sababu zangu. Mmoja alidai nilitaka malipo, mwingine kwamba ukoo umenitisha.

Nikawa nashuka mjini mara kwa mara, namwomba binti wa duka afungue ukurasa ule. Kila mara yule mama alikuwepo. Nikimwona mumewe kwenye njia ya Mosocho nilibadilisha njia, nisije nikamtazama vibaya akashuku. Kisha siku moja wagonjwa wote hawakuwepo. Alibaki baba na koti lake. Kama aliyewatoa ni mhadhiri au ni mtu mwingine, sikuambiwa.

Nilikwenda Daraja Mbili mbiombio. Mama yule alinisikiliza hadi mwisho.

"Na waliokwisha kuiona?" akauliza.

Akanichagulia ndizi mbivu, akanikabidhi, akamgeukia mteja aliyekuwa akingoja.

Kwa baba ilichukua muda mrefu zaidi. Nikienda nyumbani alinisalimia tu, akaingia kwenye majani chai yake. Nilimfuata, tukachuma kila mtu na mstari wake. Siku moja, katikati ya shamba, aliacha kuchuma.

"Kulikuwa na mtu?" aliuliza. "Kwenye ile habari yako ya kukataa, kulikuwa na mtu?"

"Kulikuwa na mtu, Tata."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. Hakuuliza ni nani.