Msamaria naye aliondoka asubuhi

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisangani. Sijui kuandika sana, ila haya yamenikuta mwenyewe na sitaongeza chumvi.

Mke wangu aliugua figo, akalazwa. Huku kwetu familia ndiyo inayompikia mgonjwa na kumuogesha. Muuguzi anatoa dawa tu.

Lakini muuguzi mmoja, Mama Aline, alikuwa ananipokonya kitambaa cha kumuogeshea: "Papa, wende ulale kidogo. Miye nitamupangusa."

Asubuhi moja zamu yake iliisha. Akamkabidhi mke wangu kwa mwenzake, akaenda nyumbani. Mchana mke wangu akafariki.

Tulikaa matanga nyumbani, Mangobo. Mama Aline akaja, akaketi nyuma kabisa kwenye mkeka. Wauguzi huwa hawaji kwenye msiba wa mgonjwa.

Dada wa marehemu akamsema huyo muuguzi, wote tusikie: "Infirmière kuja kwa matanga? Huyu iko na kitu anaficha."

Mama Aline hakubisha. Akanigeukia: "Papa, nilimuacha akiwa hali mubaya, nikaenda kulala. Hii kazi naiacha."

Wakuu, mimi si mhubiri, na shule niliishia ya msingi. Ila kisa cha Msamaria mwema nimekisikia kanisani tangu utotoni. Tunakumbuka alivyofunga majeraha ya mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani. Tunasahau kwamba kesho yake alimwacha yule mtu kwa mwenye nyumba ya wageni, akaendelea na safari. Na mgonjwa alikuwa hajapona.

Nikamwambia Mama Aline: "Mama, Msamaria naye aliondoka. Alitafuta mutu wa kumuachia. Na weye ulimuachia mwenzako. Hukumutupa kwa njia."

Akalia. Shemeji, yule dada wa marehemu, akainuka akamsogelea. "Bon, sogea nikae. Ulikuwa unamupangusa na maji ya moto ao ya baridi?"

"Ya moto. Ya baridi alikuwa anatutukana."

"Alitukana?"

"Sana, mama. Hata docta."

Shemeji akacheka huku machozi yanamtoka. Nami nikacheka. Huyo ndiye mke wangu hasa.

Jioni Mama Aline akaaga. Alikuwa na zamu.

Nilichojifunza: huruma haidai ubaki hadi mwisho. Inadai usiondoke bila kumkabidhi mtu mikononi mwa mwingine.

Ninyi mnaohudumia wagonjwa, mnaendaje nyumbani mkiwa mmeacha mtu hajapona? Tuambieni hapa, nasoma yote.