Tulimweka chini, akainuka: "put down" ilivyomponya ng'ombe wangu

Wakuu, salamu kutoka Garsen. Mimi ni mzee, mjukuu ndiye anayenibonyezea simu, lakini maneno ni yangu na sijatia chumvi.

Miaka ya hamsini, Mzungu bado anatawala, nilikuwa kijana wa Kiorma. Mke wangu Halima alikuwa amejifungua na maziwa yake hayakutosha. Mtoto tulimlea kwa maziwa ya ng'ombe mmoja mwekundu.

Ng'ombe huyo akateleza akishuka mtoni kunywa. Mguu wa nyuma ukavimba, akawa anasimamia mitatu.

Bwana mifugo, Mzungu, akapita na Land Rover. Mkalimani wake alikuwa Komora, Mpokomo wa Wenje. Alikuwa amesoma kidogo, akajiamini sana.

Mzungu akamtazama ng'ombe kwa mbali, akasema "put her down," akarudi garini.

Komora akatugeukia. "Bwana amesema ng'ombe awekwe chini."

Nikamuuliza kama ni hivyo tu. Akanijibu kwamba Wazungu hawapotezi maneno.

Basi tukamweka chini.

(Nyinyi wa mjini, kumlaza ng'ombe asiyetaka si mchezo. Shemeji yangu alichechemea kuliko mgonjwa.)

Tukamlaza kivulini penye mchanga laini, tukamfunga mguu kwa vijiti na ngozi. Halima akawa anamletea nyasi na maji, mtoto mgongoni. Kila asubuhi nilienda kumtazama kwa hofu, nikijua akifa, mtoto naye hana riziki.

Mvua zilipokatika, bwana mifugo alirudi akamkuta Halima anamkama. Uso ukambadilika. Komora akatafsiri: "Anauliza, hamkumweka chini?"

"Tulimweka," nikasema. "Akainuka."

Komora akapeleka jibu. Mzungu akavua kofia, akamzunguka ng'ombe, akaushika ule mguu kwa mara ya kwanza. Akauliza tulitumia dawa gani. Nikamwambia ni ile ile yake.

Hakukataa. Sifa zake zikafika hadi Nanighi: Mzungu anayetibu kwa neno moja.

Miaka mingi baadaye, uhuru umeshapatikana, nikaingia ngumbaru, masomo ya watu wazima. Mwalimu akafundisha phrasal verb, vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili au zaidi. Akasema "put down" ikitajwa kwa mnyama aliyeumia, maana yake auawe asiteseke.

Darasa zima likaandika. Mimi kalamu ilinishinda.

Nikaenda kumsimulia Halima. Akasema, "Alhamdulillahi, Komora hakusoma zaidi."

Funzo: msitafsiri phrasal verb kipande kipande, maana yake haimo kwenye vipande.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Ni Kiingereza gani kiliwahi kuwaponza? Au kuwaponya?