Kipande cha Findo

Mama Wembe walimbandika jina hilo kule maabara, maana miaka kumi na tisa kazi yake ni kukata vinyama vya wagonjwa vyembamba hata pumzi huvipeperusha. Ulimi wake nao ulikuwa na makali yake. Sheria yake moja: kila kioo cha hadubini lazima kiwe na kipande cha findo la koo, zima, la mtu mwingine. Findo likishika rangi ya kahawia, dawa ya kupaka ni nzima. Wanagenzi waliolisahau walikiona cha moto.

Wiki hiyo ikaletwa tezi ya shingoni ya kitindamimba wa kwao, mdogo wake aliyemlea mwenyewe tangu mama yao afariki. Kipande chenyewe kiduchu. Dawa ya kupaka hushika vipokezi, vile vinavyonasa ishara juu ya seli na kuzielekeza mahali pa kukaa. Kwenye tezi nzima, seli hizo hujikusanya mafungu ya duara. Saratani ikishaivuruga, mafungu huyaoni.

Basi siku hiyo, eti huruma, akaitengea nyama ya mdogo wake kioo kizima, isichangie na ya mgeni. Findo hakuliweka. Kioo kikatoka kitupu, kahawia hakuna hata tone.

"Findo liko wapi?" daktari akauliza, jicho kwenye hadubini.

Mama Wembe, mfokea watu wote, alitamani ardhi immeze. Utupu ule ulikuwa ugonjwa au dawa mbovu? Hakuna aliyeweza kusema. Na nyama iliyobaki ndani ya nta ya kuihifadhia ilitosha mkato mmoja tu.

Akaketi kwanza. Akakata. Safari hii findo akaliweka. Saa tatu nzima za kungoja rangi aliomba dua ya ajabu: dawa iwe imeharibika, hata afukuzwe kazi, mradi findo nalo litoke tupu. Mdogo wake alipiga simu mara mbili, hakupokea.

Akainamia hadubini mwenyewe. Findo lilikuwa limejaa mafungu ya kahawia, ya duara, yamejipanga vizuri. Akamchukia mtu asiyemjua kwa koo lake zima. Kisha akasogeza kioo upande wa pili, kwenye kipande cha mdogo wake. Hakuna duara hata moja.

"Dawa ni nzima, daktari," akasema, akampisha kiti.

Daktari alitazama kwa muda mrefu, akamwambia matibabu ya saratani yaanze wiki hiyo hiyo, yasingoje. Simu ikaita mara ya tatu. Mama Wembe akafuta machozi, akapokea.

"Njoo hapa kazini, mdogo wangu," akasema. "Nina neno nawe."